Siku Moja Munroe Island: Mwongozo kwa Mswahili Aliyeko Kerala

Watu wetu wanaofika Kerala, kusini-magharibi mwa India, mara nyingi hawakuja kutalii. Yupo aliyemsindikiza mgonjwa Kochi na sasa anasubiri majibu ya vipimo, yupo mwanafunzi, yupo mfanyabiashara aliyefuata mzigo. Wote hao, wakipata siku moja ya nafasi, huambiwa hilohilo: nenda Alappuzha ukapande boti-nyumba. Kama siku yako ni moja, usiende. Boti-nyumba inamfaa mwenye siku mbili na pesa ya kulala majini. Wewe utazungushwa kwenye njia kuu pamoja na boti nyingine lukuki, injini zikinguruma, na utarudi umeona migongo ya boti kuliko maisha ya watu. Panda treni uende Munroe Island.

Wenyeji hukiita kisiwa hiki Mundrothuruthu. Kiko wilaya ya Kollam, pale Mto Kallada unapomwaga maji yake katika Ziwa Ashtamudi. Ziwa hilo ni la pili kwa ukubwa Kerala baada ya Vembanad. Maji yake ni ya chumvichumvi, na mlango wake wa bahari uko Neendakara. Tangu 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kukiita kisiwa kimoja ni namna ya kusema tu, maana ni vipande vinane vya ardhi vilivyokatwakatwa na mifereji, vyote pamoja kama kilomita 13 za mraba. Mifereji mingine ni myembamba kiasi kwamba mitumbwi miwili ikikutana, mmoja lazima ujibanze ukingoni. Boti-nyumba haipiti humo, na hiyo ni sababu mojawapo ya utulivu wa mahali pale.

Sababu ya pili haipendezi: kisiwa kinadidimia na watu wanahama. Nitaifikia, kwa kuwa inabadilisha namna ya kukitembelea.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha siku

Nenda kati ya Desemba na Februari. Huo ndio wakati wa kaskazi kwetu, na kule ni kiangazi chenye asubuhi za baridi kidogo, ukungu ukiwa umetanda juu ya maji hadi jua lipate nguvu. Machi hadi Mei joto hukaba na unyevu hukufanya ulowe jasho bila kufanya kazi. Juni hadi Septemba ni masika ya kusini-magharibi, mvua ya kweli, na mtumbwi usio na paa si mahali pa kukaa. Oktoba na Novemba mvua hurudi, safari hii kwa vishindo vya alasiri. Asubuhi unaweza kubahatisha.

Kuna watu wanaolenga msimu wa Onam, sikukuu ya mavuno ya Kerala, mwezi wa Agosti au Septemba, kwa ajili ya mashindano ya mitumbwi mirefu iitwayo mitumbwi ya nyoka. Hayo ni mazuri, lakini si safari hii. Huwezi kutafuta utulivu ukafuata umati.

Epuka Jumapili na sikukuu, maana familia za mijini hujazana. Na kabla hujalala, muulize mwenyeji wako swali moja: "Kesho kuna hartal?" Kerala ni nchi ya migomo. Siku ya hartal maduka hufungwa, mabasi na bajaji hupotea barabarani, na japo treni kwa kawaida huendelea, utashuka kituoni ukose hata chai.

Hatua ya 2: Kufika

Lango ni mji wa Kollam. Kutoka Thiruvananthapuram ni kama kilomita 65, saa moja na ushei kwa treni. Kutoka Ernakulam, kituo kikuu cha Kochi, ni kama kilomita 150, na treni ya haraka huchukua saa tatu au zaidi. Anayetoka Kochi kwenda na kurudi siku moja anaweza, ila atoke alfajiri na akubali kurudi usiku. Ningekuwa wewe ningelala Kollam.

Kutoka Kollam una njia mbili. Ya barabara ni kama kilomita 25 kupitia Kundara. Kwa teksi ni chini ya saa moja kukiwa hakuna foleni. Ya reli ni fupi na ya bei ndogo mno: kisiwa kina kituo chake, Munroturuttu, kati ya vituo vya Perinad na Sasthamkotta. Nenda dirishani, taja jina la kituo, utapewa tiketi ya kawaida isiyo na namba ya kiti. Bei yake ni ya kunywea chai.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wageni wanapokwama. Treni zote zinazokwenda kaskazini kutoka Kollam hupita kisiwani, ziwe za njia ya Kottayam au ya Alappuzha, kwa sababu reli hizo mbili huachana mbele zaidi, Kayamkulam. Lakini kupita si kusimama. Treni za haraka karibu zote hukipita kituo hicho kidogo kama hakipo. Unayoitaka ni treni ya abiria inayosimama kila kituo, ambayo wao huiita *passenger* au *MEMU*, na kwa siku ni chache. Kwa hiyo kabla hujanunua tiketi ya kwenda, andika saa za treni za kurudi. Zipige picha kwa simu. Kumbuka pia kwamba ratiba za India husomwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane: 06:40 kwao ni saa 12 na dakika 40 asubuhi kwetu. Na kama simu yako bado iko kwenye saa za Nairobi au Dar es Salaam, isogeze mbele saa mbili na nusu.

Baada ya Perinad treni huingia daraja la Perumon na ghafla kuna maji pande zote. Tarehe 8 Julai 1988 mabehewa ya treni iliyoitwa Island Express, iliyokuwa ikitoka Bangalore, yalitumbukia ziwani hapo. Watu 105 walikufa. Uchunguzi rasmi ulitaja upepo wa kimbunga, maelezo ambayo wengi wa eneo hilo hawajayakubali hadi leo. Ukikutana na mtu mzima kisiwani anayejua Kiingereza, jambo hilo atakusimulia mwenyewe bila kuulizwa.

Hatua ya 3: Vitu vya kubeba

Noti ndogo ndogo, za rupia 100 na chini. India ya leo hulipana kwa kuskani karatasi iliyobandikwa ukutani, kama Lipa Namba yetu, lakini mfumo huo kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya huko, na mwenye mtumbwi hana chenji ya 500 saa moja asubuhi. Beba maji ya chupa ya kutosha, kofia, dawa ya mbu, na mfuko wa kurudishia takataka zako mjini. Vaa ndala, maana utazivua na kuzivaa tena mara nyingi: mtumbwini, mlangoni mwa nyumba, kwenye uwanja wa hekalu. Kanga ya ziada hufaa kwa jua, kwa unyevu wa ubao wa kukalia, na kwa kujistiri. Mwanamume akiwa na kikoi hatashangaza mtu, wanaume wa kule nao hushinda na shuka nyeupe waliyoifunga kiunoni, mundu.

Chaji simu, lakini usitegemee ramani yake kwenye vijia vya kisiwani. Inaonyesha mfereji mahali pa njia, na njia mahali pa mfereji.

Hatua ya 4: Patana na mwenye mtumbwi

Ukishuka kituoni utakuta watu wa mitumbwi wanasubiri, au utapelekwa kwao na mwenye kibanda cha chai. Mwite mwanamume aliyekuzidi umri kidogo *chetta*, mwanamke *chechi*. Ni kama kusema kaka na dada, na bila hayo mazungumzo huanza kwa mguu mbaya. *Ethra?* ni kuuliza bei. *Nanni* ni asante, ingawa wenyewe hawaitumii kwa wingi kama tunavyoitumia sisi.

Uliza mambo manne, kwa utaratibu huu.

Kwanza, ni mtumbwi wa pondo au wa injini? Chukua wa pondo. Huu ndio msimamo wangu na siubadilishi. Injini itakupeleka haraka mahali ambapo hukwenda kutafuta haraka, na mawimbi yake hula kingo za mifereji ambazo tayari zimechoka. Mpiga pondo husimama nyuma, anachoma mwanzi wake kwenye tope, anausukuma, na kinachosikika ni matone tu.

Pili, bei ni ya mtumbwi mzima au ya kila kichwa? Ni ya saa au ya mzunguko? Watu wawili wanaweza kusikia namba ileile na kila mmoja akaelewa lake. Mara nyingi utatajiwa rupia mia kadhaa kwa saa. Punguziwa kidogo kwa adabu, kisha acha. Kazi ya kupiga pondo kwa muda wa saa tatu usiifanyie ubahili.

Tatu, tutapita wapi? Mzunguko mzuri una sehemu mbili: mifereji ya ndani kati ya nyumba, na kutoka kidogo ziwani hadi kwenye mikoko. Wengine hufupisha, wakakuzungusha ndani tu.

Nne, majaketi okozi yako wapi? Usipoyaona mtumbwini, hupandi. Mifereji ina kina kifupi, lakini ziwani hakuna kina kifupi cha uhakika. Mei 2023, huko Tanur kaskazini mwa Kerala, boti ya watalii iliyojazwa kupita kiasi ilizama na watu 22 wakafa, watoto wengi wakiwemo. Tangu hapo hakuna atakayekuona mwoga kwa kuuliza.

Usikubali pia kubadilishiwa safari ukapelekwa Sambranikodi. Ni kisiwa kidogo upande mwingine wa Ashtamudi, ambapo watu husimama kwenye maji ya magotini wakipiga picha na kula chaza. Pana furaha yake, lakini pana kelele.

Hatua ya 5: Majini

Jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasorobo miezi hiyo ya kiangazi. Anayetaka kulikuta juu ya ziwa aje kwa teksi kabla ya alfajiri, treni haitamfikisha. Wa treni akiwa majini saa 2 bado amewahi. Ikifika saa 5 jua limekuwa kali na ndege wamejificha, toka. Dirisha la pili hufunguka saa 9 alasiri hadi magharibi.

Kaa katikati ya ubao, chini, usiyumbishe. Kwenye mifereji kuna vidaraja vya miguu vya saruji vilivyojengwa chini mno. Mpiga pondo atasema "kichwa!" kwa lugha yoyote aliyo nayo, nawe inama hadi paji la uso liguse magoti. Maji yakiwa yamejaa, kuna vidaraja ambavyo lazima ulale chali kabisa.

Utakachoona kitakushangaza kwa jinsi unavyokijua. Minazi, mihogo, migomba, kuku, mtumbwi uliofungwa nyuma ya jiko. Mdiria wa buluu juu ya waya, mnandi ametanua mbawa juu ya nguzo akikausha maji, yangeyange wakitembea tope kwa tope. Halafu pua itakamata harufu ya yai bovu, na mtu wa Makunduchi au wa Pemba hatauliza ni nini. Ni makumbi. Kama wanawake wetu wa pwani wanavyoyafukia kwenye mchanga wa ufukwe, wao huyazamisha kwenye maji ya ziwa miezi kadhaa hadi yaoze, kisha huyaponda kwa rungu na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Tofauti ni gurudumu: mwanamke mmoja analizungusha, mwenzake anarudi kinyumenyume akiachia nyuzi kiunoni. Kazi hiyo inapungua. Ukiikuta, omba kusimama. Ukiruhusiwa kujaribu, jaribu, na ukinunua kipande cha kamba utakuwa umelipia kitu badala ya picha.

Mitumbwi mikubwa ya mizigo ya zamani, kettuvallam, ambayo ndiyo iliyogeuzwa boti-nyumba za Alappuzha, ilishonwa mbao kwa mbao kwa kamba hizohizo, bila msumari. Aliyewahi kusikia habari za mtepe wa Lamu hahitaji maelezo zaidi. Mwombe mwenye mtumbwi akupitishe panapotengenezwa vyombo, kama kuna kazi inaendelea siku hiyo.

Halafu yapo mabwawa ya kamba, wale wa kuliwa, mraba baada ya mraba, na nyavu juu yake kuzuia ndege. Mengi yalikuwa mashamba ya mpunga. Chumvi iliingia, mpunga ukafa, watu wakafuga kamba.

Na hapo ndipo nirudi kwenye kudidimia. Angalia kuta za nyumba zilizo karibu na maji: alama ya unyevu inapanda hadi dirishani, msingi umezama, mlango umefupishwa. Kwetu Unguja au Mombasa bamvua huinua maji kwa karibu mita 4 na hatuhami. Kule tofauti ya kujaa na kupwa baharini haizidi sana mita moja, na ndani ya ziwa ni ndogo zaidi. Lakini ardhi yenyewe iko usawa wa maji, hivyo kimo cha kiganja kinatosha kuingia jikoni. Zamani mafuriko ya Mto Kallada yalileta tope jipya kila mwaka na kukijenga kisiwa upya. Bwawa la Thenmala lililojengwa juu mtoni lilipozuia maji, lilizuia na tope. Wakazi wengi husema mambo yaliharibika zaidi baada ya tsunami ya Desemba 2004, na wa karibu na reli huilaumu mitikisiko ya treni. Utasikia kila mtu na sababu yake. La tope ndilo lenye mashiko kuliko yote, kwa maoni yangu, kwani kisiwa cha mtoni bila tope la mto hakina kinachokishikilia.

Nyumba tupu utakazopita, basi, zina wenyewe waliohamia bara. Usiingie kupiga picha za "magofu".

Ukitoka ziwani, mwambie *pathukke*, polepole. Huko kuna mikoko iliyokutanisha matawi juu ya maji ikawa kama mlango wa msikiti, na mitumbwi hupita chini yake. Kila mtu hupigwa picha hapo. Nawe pigwa, haina aibu. Kisha mwombe aweke pondo chini mkae kimya kidogo.

Akiwa mzungumzaji atakupa historia: jina la kisiwa limetokana na Kanali John Munro, mwakilishi wa Waingereza katika ufalme wa Travancore kuanzia 1810 hadi 1819, aliyekuwa pia diwani, yaani waziri mkuu, kwa miaka michache. Ardhi ilitolewa kwa wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, wale wale waliomleta Krapf Mombasa mwaka 1844, na mapato yake yakasaidia chuo chao cha Kottayam.

Adabu, kabla hujashuka

Mfereji ni ua wa mbele wa mtu. Utapita mita mbili kutoka kwa mama anayeosha vyombo, mzee anayepiga mswaki, msichana anayefua. Salimu kwa kichwa na tabasamu, simu iwe mapajani. Ukitaka picha, ionyeshe simu, nyanyua nyusi, ungoje. Watoto usiwape peremende wala pesa.

Wewe nawe utaangaliwa, hasa ukiwa mweusi, na wengine wataomba kupiga picha nawe. Kaskazini mwa Kerala mpira wa timu za wachezaji saba hupendwa kupindukia, na kwa miaka timu hizo zimekuwa zikiajiri wachezaji wa Kiafrika, hasa wa Afrika Magharibi. Kwa hiyo baada ya "unatoka nchi gani?" swali linalofuata kwa kijana huwa "unacheza mpira?" Jibu upendavyo. Ukichoka na picha, kataa kwa upole, hakuna anayekudai.

Hatua ya 6: Kula

Wakati wa kupatana bei, mwulize mwenye mtumbwi kama kuna nyumba inayopika chakula cha mchana. Zipo familia zinazofanya hivyo, lakini zinataka taarifa mapema ili samaki anunuliwe. Hapa ndipo pesa yako inapobaki kisiwani badala ya kupanda treni nawe kurudi Kollam.

Agiza *kappa* na *meen*: muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki. Usidhani umesafiri bure kuja kula muhogo. Mchuzi wao hupikwa kwenye chungu, mwekundu kwa pilipili, na ukali wake wa uchachu hautoki kwenye ndimu wala ukwaju bali kwenye *kudampuli*, tunda lililokaushwa hadi likawa jeusi. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini kama wetu; aliyeuhimiza Travancore wakati wa uhaba wa chakula ni Mfalme Visakham Thirunal, aliyetawala 1880 hadi 1885.

Samaki wa kutafuta ni *karimeen*, mpana, wa kijivu, jamaa ya perege wetu, aliyetangazwa kuwa samaki wa jimbo la Kerala mwaka 2010. Hupakwa viungo, akafungwa jani la mgomba na kuokwa kwenye kikaango. Ana miiba mingi, mle kwa vidole na kwa subira. Chaza wa Ashtamudi nao wana sifa: mwaka 2014 uvuvi wao ulikuwa wa kwanza India kupata cheti cha Marine Stewardship Council cha uvuvi endelevu.

Wali utaletwa juu ya jani la mgomba na utaongezwa bila kuuliza. Neno la kujiokoa ni *mathi*, inatosha, huku kiganja kimefunika jani. Kula kwa mkono wa kulia. Kwa Mwislamu asiye na uhakika wa machinjo, samaki na mboga vitamtosha siku nzima. Vibanda vilivyoandikwa *kallu* ni vya tembo la mnazi, usiingie ukidhani ni mgahawa wa kawaida, ingawa mchuzi wao wa samaki husifiwa hata na wasiokunywa.

Baada ya kula tembea. Joto la saa 8 halifai mtumbwini, lakini vijia vya chini ya minazi vina kivuli. Ukingo wa bwawa la kamba usiukanyage. Ni udongo mtupu, ukiporomoka umemmwagia mtu mtaji wake.

Hatua ya 7: Kurudi

Uwe kituoni nusu saa kabla. Ni jukwaa dogo lenye kivuli kichache, na treni ikikosa kusimama kwa dakika nzima usishangae. Ukiikosa ya mwisho ya jioni, usikae kuingoja ya miujiza: bajaji zinaweza kukutoa hadi Kundara, na huko mabasi ya Kollam yapo.

Ukifika Kollam na kuna muda, tembea hadi mtaa wa Chinnakada ukanunue korosho. Mji huu umejengwa na viwanda vya kubangulia korosho, na viwanda hivyo kwa miongo mingi vimekula korosho ghafi za Afrika, za Mtwara na Lindi zikiwemo. Pakiti huandikwa W180, W240, W320: hiyo ni idadi ya punje katika ratili moja, kwa hiyo namba ikipungua punje hukua na bei hupanda. Ladha ni ileile. Za zawadi nunua W240. Za kutafuna treni, hata vipande vilivyovunjika vinafaa.

Anayelala Kochi hana haja ya kurudi Kollam. Apande treni ya abiria iendayo kaskazini kutoka kituo hichohicho cha kisiwani, ashuke Kayamkulam, abadilishe apande ya haraka ya Ernakulam. Tiketi ya pili anunue dirishani palepale Kayamkulam, na aulize jukwaa kabla ya kuvuka, maana treni za njia ya Alappuzha na za njia ya Kottayam si zote hufika kituo kimoja Ernakulam: za kwanza kwa kawaida husimama Ernakulam Junction, na za pili baadhi hupitia Ernakulam Town, upande wa kaskazini wa mji.